Miguu Ifike Chini

"Gusa bomba la moshi kwanza," Kauma fundi alinielekeza,
"ukilikuta lina joto kabla hujawasha,
jua wameiamsha mapema, wanakuficha ugonjwa wake wa asubuhi."
Nikaligusa. Baridi, kama sakafu ya maabara saa kumi na moja alfajiri.
Mwase mwenye kuuza akacheka: "Musawo, unaipima homa?"
Ndiyo kazi yangu, nikamwambia.
Nahesabu vijidudu vya malaria kwa lenzi,
chuma hakitanishinda.

Zilikuwa tatu, nyuma ya duka la mabati.
Nyekundu iliniita kwa taa zake mbili,
lakini kiti kiko juu; miguu ikaning'inia
kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa.
Nyeusi ilivuta vizuri, ikatoa moshi wa buluu.
"Hii inakunywa oili," Kauma akaninong'oneza,
"kama shemeji yangu na waragi: kimyakimya, kila siku."
Ya tatu, rangi ya maziwa mgando,
mkwaruzo ubavuni, kioo kimoja,
injini inalia kama cherehani ya mtu mwenye haraka.
Nikakaa na sketi yangu ya kazini, magoti pamoja.
Nyayo zote mbili zikakanyaga changarawe.

"Umechagua dhaifu kuliko zote," alisema Mwase.
Nimechagua ninayoweza kuisimamisha.

Milioni moja na laki nane.
Noti zilinuka vitunguu, maana mweka hazina wetu
huviuza soko la Bugembe, na akiba ya kikundi
hulala naye dukani.

Wiki ya kwanza sikupita steji.
Nilizunguka nyuma ya shule, kwenye matope,
nisikutane na macho ya Balikowa
aliyenibeba miaka sita, elfu nne kwa siku, kwenda na kurudi,
aliyejua zamu zangu kuliko mume wangu alivyozijua,
aliyewahi kunisubiri kwenye mvua hadi saa saba usiku
asiniongeze hata mia.
Unamwambiaje mtu kama huyo
kwamba umejinunulia upepo wako mwenyewe?

Barabara niliyoijua kwa mgongo wake
nikaanza kuijua kwa mikono yangu.
Tairi ndogo hazisamehe. Shimo ambalo boda hulivuka kwa kelele
mimi hulisalimia kwa uti wa mgongo.
Malori ya miwa ya Kakira yakinipita
hunivuta kwanza, kisha hunisukuma,
na muwa ulioanguka ukilala lami
hugeuka nyoka, halafu hugeuka muwa tena.
Nimejifunza: breki ya nyuma kabla ya ile ya mbele,
upepo wa tairi kila Jumapili,
lami ikilowa, usiwe na miadi na mtu.
Chini ya kiti: koti jeupe, nyanya, koti la mvua,
na kitambaa cha kufutia plagi.
Sikuipa jina. Kuna vitu vinatosha kuwa vyako.

Alhamisi, zamu ya usiku, karibu na mzunguko wa Amber Court,
ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Sindano ya mafuta inasema nusu. Sindano ni mwongo.
Kwa tundu la tangi nikaona giza tupu.
Nikaisukuma. Jasho, mbu, taa moja inatoka nyuma,
inapunguza mwendo. Nikaijua injini kabla ya uso.

Balikowa hakusema habari za siku nyingi.
Alisema, "Kaa. Shika sawasawa,"
akaweka mguu wake nyuma ya skuta yangu
akatusukuma, chombo viwili kama kimoja,
hadi kituo cha petroli chenye mlinzi amelala.
"Breki yako ya nyuma inalia," akasema. "Fundi wako nani?"
"Kauma."
"Ee. Kauma ni mzuri kwa kununua. Kwa breki, nenda kwa Tenywa."

Nikatoa elfu mbili, nauli ya kwenda tu.
Akaitazama noti chini ya taa, kana kwamba bandia,
akanirudishia elfu moja.
"Nusu," akasema. "Usukani ulishika wewe."

Kesho yake nilipita steji.
Nikapiga honi, inayolia kama kifaranga cha bata,
na steji nzima ikacheka, naye akiwa mmoja wao.